Plockton: Nenda Ukaisikilize Shule

Kijiji cha Plockton, pwani ya magharibi ya Uskoti, kina wakazi wasiofika 500, na bado kina sekondari inayovuta vijana kutoka kila pembe ya nchi. Wageni wengi huja kwa ajili ya ghuba yake tulivu na safu ya nyumba nyeupe zilizoikabili. Hupiga picha, hula samaki, kisha hao, wameondoka. Mwongozo huu ni wa msafiri mwenye siku moja au mbili za ziada, anayetaka kukijua kijiji kupitia shule yake, Plockton High School. Lugha ya wenyeji, muziki wao na umbali wa makazi yao vimeacha alama katika shule hiyo, na mgeni mwenye subira anaweza kuziona na kuzisikia.

Namna ya kufika

Mwenye pasi ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza kabla ya kusafiri. Uskoti ni sehemu ya Ufalme wa Muungano, hivyo viza ya kuingilia London ndiyo hiyo hiyo itakayokufikisha huku. Kutoka Edinburgh panda treni hadi Inverness, safari ya saa tatu na nusu hivi. Hapo badilisha, uchukue treni ya Kyle of Lochalsh, ushukie Plockton baada ya saa mbili na ushei.

Kaa upande wa kulia. Ukishapita Strathcarron, reli inafuata ukingo wa Loch Carron, mkono wa bahari ulioingia ndani kati ya milima, na maji yatakuwa dirishani kwako sehemu kubwa ya njia iliyobaki. Reli hii ilifika Stromeferry mwaka 1870 na kuishia hapo. Ili iendelee hadi Kyle ilibidi miamba ipasuliwe, na treni ya kwanza ikapita mwaka 1897. Treni ni chache kwa siku, na Jumapili ni chache zaidi. Ratiba ya kurudi iandike kabla hujatoka kituoni, maana ukiachwa na ya mwisho utalala huko huko.

Kwa gari, kutoka Inverness ni kama kilomita 120. Barabara za mwisho ni za njia moja zenye vituo vya kupishana. Anayekuja mbele akikusubiri, mpungie mkono. Hiyo ndiyo salamu ya barabara za huku, na asiyeitoa huonekana hana adabu.

Kijiji kilichopangwa, samaki walioondoka

Plockton haikuota yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19, mwenye ardhi Sir Hugh Innes alikipima na kukipanga kijiji ili wakulima wadogo waliokuwa wakiondolewa mashambani wahamie pwani na kuishi kwa uvuvi wa heringi. Zilikuwa zama ambapo wamiliki wa ardhi wa nyanda za juu za Uskoti waliona kondoo wana faida kuliko watu. Kwa muda heringi walijaa, kisha wakaadimika. Miaka ya 1840 ugonjwa ukaharibu viazi, chakula kikuu cha maskini, njaa ikaingia, na wengi wakavuka bahari wasirudi tena. Ukitembea Harbour Street ukiona vijishamba vyembamba nyuma ya nyumba, kumbuka kwamba vilikuwa tegemeo la familia nzima.

Miti inayofanana na mikindu mbele ya nyumba hizo humshangaza kila mgeni. Asili yake ni New Zealand, na inastahimili hapa kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki huipunguzia pwani hii makali ya baridi.

Shule na lugha

Sheria ya elimu ya Uskoti ya mwaka 1872 iliwalazimu watoto wote wenye umri wa miaka 5 hadi 13 kusoma. Lilikuwa jambo jema, lakini sheria hiyo haikutaja Kigaeli hata mara moja, na Kigaeli ndicho kilichokuwa lugha ya mama ya watoto wa pwani hii. Mtoto alitoka nyumbani na lugha moja, akafika darasani akaikuta nyingine imekalia kiti cha mwalimu. Mwaka 1918 sheria mpya ilitaka Kigaeli kifundishwe katika maeneo ya wasemaji wake, lakini kipengele kimoja cha sheria hakikutosha kurudisha kilichokwisha kudharauliwa.

Hapa ndipo jina la Sorley MacLean linapoingia, kwa Kigaeli Somhairle MacGill-Eain. Alizaliwa mwaka 1911 katika kisiwa cha Raasay, ng'ambo ya maji kutoka hapa. Alijeruhiwa vitani El Alamein mwaka 1942, na mwaka uliofuata kitabu chake cha mashairi kikamfanya mmoja wa washairi wakubwa wa Kigaeli. Kuanzia 1956 hadi 1972 alikuwa mkuu wa sekondari ya Plockton. Kazi ya shule ilimla muda. Miaka hiyo mashairi yake yalipungua. Lakini alipigania jambo ambalo bado linazaa matunda. Mtihani wa Kigaeli wa ngazi ya juu ulikuwa umetungwa kwa ajili ya waliozaliwa nao ulimi huo. MacLean alidai uwepo mtihani wa wanaojifunza lugha hiyo bila kuzaliwa nayo, na mwaka 1968 ukaanza. Tangu hapo mtoto ambaye bibi yake alijua Kigaeli lakini mama yake hakurithishwa alipata njia ya kukirudia.

Kwa hiyo ukitafuta sanamu au jumba la kumbukumbu la mshairi huyu hapa kijijini, unatafuta kisichohitajika sana. Alichokiacha ni mtihani, na watu walioufanya.

Ndani ya shule

Sekondari za Uskoti zina miaka sita. Mwanafunzi huanza akiwa na miaka 11 au 12, na shule za umma hazina ada. Plockton inasimamiwa na Halmashauri ya Highland na kuhudumia eneo kubwa lenye watu wachache: Kyle, Lochcarron, Kintail, Glenelg, hata Applecross, ambako barabara ya Bealach na Bà hupanda hadi mita 626 juu ya bahari na wakati wa theluji huwa haipitiki. Ukiipita njia hiyo kwa gari lako mwenyewe mwezi Julai utaelewa kwa nini sekondari ya kijijini huku ilihitaji bweni. Kwa mtoto wa makazi ya mbali, kwenda na kurudi kila siku majira ya baridi haikuwa kazi ya mchezo.

Bweni likawa msingi wa jambo jingine. Mwaka 2000 kilifunguliwa hapa kituo cha taifa cha muziki wa asili, Sgoil Chiùil na Gàidhealtachd, yaani shule ya muziki ya nyanda za juu. Vijana hushindania nafasi kwa kupiga au kuimba mbele ya waamuzi, na waliochaguliwa kutoka mbali huishi bwenini. Asubuhi wanasoma hesabu na kemia pamoja na watoto wa kijiji; saa za muziki wanakwenda kwa walimu wao wa fidla, zumari la mfuko, kinubi, filimbi, kodiani au uimbaji wa Kigaeli. Kituo kinagharimiwa na fedha za umma, kwa hiyo kipaji cha mtoto wa mvuvi hakingoji mfuko wa baba yake.

Msikilizaji wa taarabu atazitambua fidla na kodiani mara moja. Ambacho hatakitarajia ni jinsi fidla ya huku inavyobeba mdundo wa ngoma nzima peke yake, kwa mkono wa uta.

Usiingie bila kualikwa

Shule si kivutio cha utalii, na lango lake halifunguliwi kwa mgeni apitaye. Mwenye sababu ya kweli, kama mwalimu au mtafiti, aandike kwa ofisi ya shule wiki kadhaa kabla. Akikubaliwa atajiandikisha mapokezi, atavaa beji, na ataongozwa na mwenyeji muda wote. Usipige picha za wanafunzi, hata kwa mbali, hata wakiwa barabarani na vyombo vyao mabegani.

Njia iliyo wazi kwa wote ni masikio. Wanafunzi wa kituo hupiga katika matamasha ya hadhara, na hurekodi albamu zao. Angalia matangazo dukani na hotelini, au muulize mwenyeji wako. Baa za kijijini nazo huwa na jioni za muziki ambapo wapigaji hukaa mezani kama wageni wengine. Agiza kinywaji, hata kama ni chai. Mtu akianza kuimba, nyamaza. Ukiwa na chombo, usikitoe mpaka utakapokaribishwa.

Majira huamua utakachokipata. Likizo ndefu ya shule huanza mwanzoni mwa Julai na kuishia katikati ya Agosti. Wakati huo ghuba hujaa mashua kwa mashindano ya tanga, lakini wanafunzi wa bweni wako makwao. Anayetaka muziki wa shule aje Mei, Juni au Septemba. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne na nusu usiku. Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri.

Ukiwa na siku ya ziada

Ng'ambo ya ghuba utaliona jumba la Duncraig, lililojengwa mwaka 1866 kwa utajiri wa biashara ya China. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia likawa chuo cha maarifa ya nyumbani kwa wasichana; ni sura nyingine ya elimu ya pwani hii. Nenda kwa miguu, lakini heshimu mipaka, maana ni mali binafsi.

Maji yakipwa unaweza kutembea hadi kwenye kisiwa kidogo mbele ya kijiji. Wenyeji wa pwani zetu hawahitaji kufundishwa habari za bamvua. Soma jedwali la maji, uwe umerudi kabla hayajaanza kujaa.

Camanachd, mchezo wa magongo wa nyanda za juu, huchezwa na watu 12 kila upande. Timu ya eneo hili, Kinlochshiel, ilitwaa Kombe la Camanachd mwaka 2021. Na ukivuka daraja la Skye, lililofunguliwa mwaka 1995, hutakuwa mbali na Sabhal Mòr Ostaig, chuo kilichoanzishwa mwaka 1973 ambako masomo hufundishwa kwa Kigaeli.

Beba koti la mvua hata kama anga ni jeupe, na dawa ya kufukuza visubi kuanzia Juni hadi Septemba. Vinauma hasa jioni pasipo upepo. Benki hutazipata kijijini. Maliza shughuli za fedha Inverness.

Beba pia maneno mawili ya Kigaeli: *tapadh leibh*, asante. Yatamke karibu na "tapa liv". Yamwambie kijana aliyemaliza kupiga fidla. Sheria ya 1872 haikuyapa nafasi darasani. Leo kijana huyo yupo katika nchi ambayo, kwa sensa ya 2022, watu kama 130,000 wana ujuzi fulani wa lugha hiyo, na huenda akakujibu sentensi nzima.