Mfupa wa Ncha ya Kidole Ukivunjika

Tazama ncha ya kidole chako. Chini ya ukucha kuna nyama laini. Chini ya nyama hiyo kuna mfupa mdogo. Kidole kikipondwa na mchi, mlango au jiwe, mfupa huo huweza kuvunjika. Wengi husema, "Ni kidole tu." Lakini bila ncha ya kidole, utashikaje mbegu, sindano au kalamu?

Mfupa uliovunjika huunga vizuri ukitulia. Ziko njia tatu za kuutuliza.

NJIA YA KWANZA: GANGO. Hiki ni kipande cha bati laini, plastiki au ubao mwembamba. Hufungwa kwenye kidole kwa plasta. Gango latosha ikiwa vipande vya mfupa havikuachana. Hukaa wiki 2 hadi 4. Gharama yake ni ndogo na mfupa hautobolewi. Lakini gango likilegea, halina kazi tena.

NJIA YA PILI: UZI NA UKUCHA. Pengine nyama ya chini ya ukucha huchanika. Mganga hukitia kidole ganzi, huisafisha nyama, kisha huishona kwa uzi mwembamba. Halafu huweza kuurudisha ukucha mahali pake. Ukucha huo huifunika nyama kama paa, na huusaidia mfupa utulie. Baadaye ukucha mpya huota na kuusukuma ule wa zamani.

NJIA YA TATU: WAYA. Waya mwembamba wa chuma huingizwa kutoka ncha ya kidole hadi ndani ya mfupa. Nyaya hizi huitwa kwa jina la Martin Kirschner, daktari wa Ujerumani, aliyezianzisha mwaka 1909. Waya huushika imara mfupa ulioachana. Lakini vijidudu huweza kupita kwenye tundu lake. Mahali hapo pawe pasafi na pakavu mpaka waya utolewe, baada ya wiki 4 hivi.

Je, njia ipi ni bora? Ni ile inayofaa mvunjiko wako. Mfupa uliotulia wataka gango. Nyama iliyochanika yataka uzi. Mfupa ulioachana wataka waya. Picha ya eksirei humwonyesha mganga hali ya mfupa.

Lakini kabla ya njia yoyote, jeraha lisafishwe. Mfupa ukifungwa pamoja na uchafu, huweza kuoza. Kwa hiyo nenda kutibiwa siku ile ile.

Kabla ya kuondoka nyumbani:
1. Vua pete upesi, kabla kidole hakijavimba.
2. Osha jeraha kwa maji safi.
3. Funga kitambaa safi, na uinue mkono.
4. Usipake majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Using'oe ukucha.

Ukifika, uliza juu ya sindano ya pepopunda.

Mzazi, angalia sana. Kidole cha mtoto kikipinda na ukucha ukachomoka kwenye shina lake, huenda mfupa umevunjika pale unapokulia. Mpeleke hospitali, hata kama damu imekoma.

Usifungue gango ili ukalime. Omba jirani akusaidie wiki hizo chache. Ukiona usaha, au kidole kikivimba na kupwita, rudi kwa mganga mara moja.

MASWALI
1. Gango latosha wakati gani?
2. Waya una faida gani na hatari gani?
3. Kwa nini jeraha lisafishwe kwanza?