Jua Halikukata Kebo

Jumapili, Mei 12, 2024, intaneti ilisumbua nchi nzima, nasi wa Bomang'ombe tukiwemo. Dhoruba ya Jua ilikuwa imeipiga Dunia tangu Ijumaa, kwa hiyo kijiweni nikasikia Jua limekata mtandao. Siyo. Zilikatika kebo za baharini, EASSy na Seacom.

Kazi kubwa ya milipuko hufanyika kwenye Jua lenyewe. Ikweta yake huzunguka haraka kuliko ncha, hivyo mistari ya sumaku inajisokota kama kamba ya katani hadi inafyatuka. Mlipuko hurusha mabilioni ya tani za plazima pamoja na sumaku iliyosokotwa. Mistari inayobaki huungana upya, kwa umbo jingine. Mlipuko mmoja haugeuzi ncha, jamani! Lakini mamia kwa mamia huenda husaidia kuondoa uga wa zamani, huku mpya kutoka kwenye madoa ukisogea nchani, mpaka kaskazini na kusini zinabadilishana, kila miaka 11 hivi.