KUJITOLEA: NENO NA KAZI YAKE KWETU GUSII

Ukitembea mjini Kisii siku ya soko, au ukipita Nyamira, Keroka au Ogembo, hukosi kumwona kijana aliyevaa fulana yenye msalaba mwekundu, au mama mwenye begi mgongoni akienda nyumba hadi nyumba kuuliza hali za wagonjwa. Hao tunawaita watu wa kujitolea. Neno lenyewe tunalitamka kila siku na kulijaza katika insha, lakini wengi wetu hatujalipasua tuone mna nini ndani. Katika makala haya tutalipasua.

Tuanze na sarufi, maana hiki ni chama cha Kiswahili. Mzizi ni toa. Ukiutia katika kauli ya kutendea unapata tolea, yaani kutoa kwa ajili ya mtu au jambo fulani. Ongeza kiambishi ji- cha kujirejea, unapata jitolea. Tazama basi: mtoaji na kinachotolewa ni kitu kimoja! Mfadhili anaweza kukaa Nairobi au ng'ambo akatuma hundi, na hundi ikafika salama. Anayejitolea hawezi kujituma kwa posta. Lazima aje mwenyewe, apande kilima, akanyage matope, abishe hodi. Ndiyo maana aliyetoa shilingi mia husemwa kuwa amechanga, si kuwa amejitolea.

Je, wazee wetu walijitolea? Wengi watajibu mara moja kwamba ndiyo, wakitaja risaga. Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Kwa Wakisii kulikuwa na egesangio, kikundi kidogo, aghalabu cha wanawake majirani, waliolima leo shamba la huyu na kesho la yule kwa zamu. Risaga lilikuwa kubwa zaidi. Majirani wa mtaa mzima waliitwa kwa kazi nzito, na mwenye kazi akawaandalia chakula na pombe. Mtaalamu Philip Mayer aliandika juu ya ushirikiano huo wa majirani mwaka 1951, kwa hiyo si hadithi za jikoni tu.

Lakini risaga si sadaka, la hasha. Lina hesabu yake. Hesabu haikuandikwa popote, ila kila mtu aliijua kichwani. Ukikosa kwenda kwa wenzako, siku yako ikifika utabaki peke yako na jembe lako. Vyama vya akina mama vya siku hizi, vile vya kuzungushiana pesa, ni wajukuu wa egesangio: leo wewe, wiki ijayo mimi. Utaratibu huu ni mzuri sana, nami siudharau hata kidogo. Shida yake ni moja tu. Unamfaa mtu awezaye kurudisha. Mzee asiyeweza kushika jembe atarudisha nini? Na mgeni aliyepanga chumba mjini, ambaye jirani yake wa kulia na wa kushoto hawajui hata jina lake, ataitisha risaga la nani?

Hapo ndipo kazi ya kujitolea inapoanza, kwa yule aliye nje ya duara.

Wengine watasema kwamba harambee ilijaza pengo hilo. Naam, kwa kiasi. Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno hilo kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, na shule nyingi za sekondari nchini zilijengwa kwa michango ya wananchi. Hata hivyo harambee nyingi husoma majina hadharani, fulani katoa kiasi gani, na mwenye kidogo hujificha nyuma ya umati. Baadaye wakubwa waliipenda mno kwa kujitangaza, na Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ikabidi iweke mipaka juu ya uchangishaji wao. Harambee hujenga darasa. Haimpelekei bibi mgonjwa maji ya kunywa.

Sasa tutoke kidogo nyumbani. Mwaka 1859, huko Italia, kulikuwa na vita vikali karibu na kijiji cha Solferino. Majeruhi walijaa katika mji mdogo wa Castiglione, na wenyeji wa mji huo, hasa wanawake, wakawauguza bila kujali ni wa jeshi gani. Mswisi mmoja, Henri Dunant, alikuwapo akashiriki kazi hiyo, na kutokana na aliyoyaona likazaliwa shirika la Msalaba Mwekundu mwaka 1863. Angalia chanzo chake: watu wa mji, mikono mitupu, kwa wageni wasioweza kuwarudishia chochote. Kwetu Kenya shirika hilo liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na huduma ya kujitolea ni mojawapo ya kanuni saba za Msalaba Mwekundu duniani.

Kanuni hizo zilijaribiwa hapa kwetu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 600,000 walitoroka makwao nchini Kenya. Wakisii wengi walifukuzwa Bonde la Ufa wakarudi Kisii na Nyamira. Baadhi walikaa kambini. Wengi waliingia kwa shangazi, kwa mjomba, kwa rafiki wa zamani. Nyumba ya watu sita ikawa ya watu kumi na watano, sufuria ni ileile.

Ukarimu huo ulikuwa mkubwa, lakini ukazaa tatizo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mtu wa kambini anaonekana. Ana hema na jina lake limo orodhani. Mtu aliyelala sebuleni kwa shangazi haonekani. Kote nchini watu wa namna hiyo walikuwa zaidi ya 300,000, na kwa miaka mingi baadaye waliendelea kulalamika kwamba fidia iliwapita. Wema wa ndugu uliwafuta katika daftari la serikali! Ni nani angeweza kuwajua? Ni yule anayebisha hodi mlango kwa mlango. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kuu ya mtu wa kujitolea, kuliko hata kugawa unga: kujua nani yuko nyuma ya mlango upi.

Wahudumu wa afya vijijini wanafanya vivyo hivyo. Chini ya mpango wa afya ya jamii, mmoja wao hutazamia kaya takriban mia moja. Mwaka 2023 serikali iliwapa vifaa na kuwaahidi shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Basi wapo wanaouliza, mwenye kulipwa amejitolea wapi? Wewe gawanya 5,000 kwa nyumba mia: ni shilingi 50 kwa nyumba kwa mwezi. Toa nauli ya bodaboda wakati wa mvua, kisha uniambie kilichobaki kinaitwa mshahara.

Zoezi la mkutano ujao: muulize mzee wa kwenu ni nani hakuitwa katika risaga, na kwa nini. Andika maneno yake kama alivyoyasema kwa Ekegusii, kisha utafute neno la Kiswahili linalolingana nayo. Mwalimu mlezi atayakusanya.