Koo Likiuma, Linda Moyo wa Mtoto

Mtoto aliumwa koo wiki tatu zilizopita, likapoa lenyewe, akarudi shuleni. Leo goti limevimba, na hata shuka likiligusa analia. Kesho maumivu yamehamia kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Nyumbani husemwa ni mpira, au ni mifupa inarefuka. Mzazi wa Siakago, maumivu yanayohamahama hivyo pamoja na homa ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni homa ya baridi yabisi, na moyo nao umeanza kuvimba kwa ndani.

Chanzo ni bakteria wa kooni, streptokoka. Kinga ya mwili ikipambana nao hukosea shabaha, ikashambulia viungo na moyo. Viungo hupona. Vali za moyo, milango inayozuia damu isirudi nyuma, huweza kubaki na makovu maisha yote. Wanaopatwa zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 15, ila wengine hawajui mpaka ukubwani. Kuna akina mama wanaogundua wakiwa wajawazito, pumzi zinapokatika na moyo kulemewa na damu iliyoongezeka.

Koo lenye mafua na kikohozi kwa kawaida ni la virusi, na antibiotiki hazilisaidii. La kuhofia huanza ghafla, bila kikohozi, likiwa na homa, tezi za shingo zinazouma, na mafindofindo mekundu, pengine yenye usaha. Tiba ikianza ndani ya siku 9 bado huzuia homa ya baridi yabisi. Sindano ya penisilini ya benzathini ni moja tu. Vidonge vya penisilini ni siku 10. Siku ya tatu koo hupoa, na vilivyobaki huwekewa mdogo wake. Tafadhali, vimalizwe. Kukata kimio hakuui bakteria hawa. Huleta kidonda na damu kuvuja.

Aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi huchomwa sindano hiyo ya penisilini kila wiki 3 au 4, mara nyingi kwa miaka 10 au zaidi. Inauma kweli, na mtoto anayejificha siku hiyo asikaripiwe, mshikeni mkono. Huko Gulu, Uganda, watafiti waliwafuatilia watoto 818 wenye dalili za mapema kwenye vali. Matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba baada ya miaka 2 ugonjwa uliendelea kwa chini ya mmoja katika kila 100 waliochomwa, na kwa zaidi ya 8 katika kila 100 wasiochomwa.

Vali yenye kovu hunaswa kirahisi na bakteria wengine, hata wa meno yaliyooza, wakauvimbisha moyo upya. Mswaki kila siku, na daktari wa meno aambiwe habari ya moyo kabla ya kung'oa. Anayedhurika na penisilini amweleze mhudumu kabla ya sindano.

Mkipewa rufaa ya Embu kupimwa moyo, nendeni hata kama mtoto anacheza. Akienda shule ya bweni, mpe mwalimu tarehe za sindano kwa maandishi. Akihema akiwa amelala, au miguu ikivimba, msingoje asubuhi.