Maneno ya Kiingereza hayanikai kichwani

Shikamoo Shangazi. Nipo mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Dodoma, nasomea sosholojia. Nilisoma shule ya msingi ya serikali, kisha sekondari ya kata. Kila usiku nanakili maneno 20 kutoka kwenye kamusi. Nimefika herufi D, na ya A nimeshayasahau. Kwenye semina wenzangu wa mchepuo wa Kiingereza wanatiririka, mimi nimenyamaza. Nifanyeje?
Mnyamavu, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Aibu iweke kando kwanza. Ulifundishwa kwa Kiswahili miaka saba, halafu ukafika kidato cha kwanza ukakuta karibu masomo yote ni Kiingereza. Huo si uzembe wako.

Kamusi irudishie kazi yake ya kuulizwa. Maneno yaliyopangwa kialfabeti hayana undugu, na mengi hutakutana nayo tena mwaka mzima. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani nyingi. Peke yake hubeba kama asilimia 10 ya maandishi hayo. Itafute mtandaoni, uanzie hapo. Ukijifunza “analyse”, wachukue na ndugu zake, “analysis” na “analytical”. Usiandike maana tupu. Nakili sentensi nzima kutoka kitabu chako cha sosholojia, uone neno linaandamana na nani. Anayejua “research” asijue kwamba huenda na “conduct” atakwama palepale anapotaka kuandika.

Kesho yake funika maana, ujiulize. Rudia baada ya siku tatu, wiki, mwezi. Kule kuhangaika kukumbuka ndiko kunakolikaza neno. Kulitazama tu hakutoshi.

Halafu soma riwaya, tafadhali. Azima Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Wafanyabiashara wa pwani na misafara ya bara si mambo mageni kwako, kwa hiyo neno gumu utaweza kulikisia. Usisimame kwa kila neno. Tia alama yanayorudi tu.

Na semina ijayo ingia na sentensi moja uliyoiandaa usiku, uiseme mapema, kabla mjadala haujapamba moto.