SOMO: Kuchagua flashi ya bei nafuu kwa kazi ya picha



Katika masomo yetu tunazungumza juu ya kazi ndogo ambazo familia inaweza kuzifanya hata kama imeacha shamba na nyumba. Upigaji picha ni mojawapo. Watu wanahitaji picha za paspoti kwa shule na kwa makaratasi ya serikali. Wanahitaji picha za arusi, za ubatizo na za kukumbuka marehemu. Wengi walikimbia bila kubeba hata picha moja ya watoto wao. Tena picha inayoonyesha uso vizuri inaweza kusaidia mtoto aliyepotezana na wazazi wake kutambuliwa.

Lakini ndani ya kibanda au kanisa lenye giza, kamera peke yake haitoshi. Flashi iliyo juu ya kamera inapiga uso moja kwa moja: paji la uso linang'aa, kivuli cheusi kinabaki ukutani nyuma, na macho hayaonekani vizuri. Mwanga ukitoka pembeni, mbali na kamera, uso unapata umbo lake na ngozi inapata rangi yake ya kweli. Kwa kazi hiyo flashi ya bei kubwa si lazima. Flashi ya mkono inatosha, yaani ile ambayo mpiga picha mwenyewe anapanga nguvu yake kwa kidole. Tangu 2006 Mmarekani David Hobby, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la The Baltimore Sun, alifundisha watu wengi duniani kutumia flashi ndogo za namna hiyo mbali na kamera.

Kuna sababu nyingine inayotugusa sisi. Mwezi wa Februari 2025 watu wengi waliokuwa katika kambi za pembeni ya Goma walipaswa kubomoa vibanda vyao na kuondoka kwa siku chache tu. Flashi ndogo, kebo na betri vinaingia katika mfuko mmoja. Mwenye kuhama na mfuko huo anahama na kazi yake.

1. Mambo ya kuangalia kabla ya kununua

a) Ngazi za nguvu. Flashi nzuri ya mkono inashuka toka nguvu yote, 1/1, hadi 1/2, 1/4, 1/8 na kuendelea. Kila ngazi inakata mwanga nusu. Nyingi za leo zinafika 1/128. Flashi yenye ngazi moja tu itawasumbua, kwa sababu chumba kidogo kinataka mwanga kidogo.

b) Namba ya mwongozo. Inaandikwa GN. Mkiigawanya kwa mita zilizo kati ya flashi na mtu, mnapata tundu la lenzi la kutumia kwa ISO 100. Mfano: GN 32, mtu yuko mita 4. 32 gawanya kwa 4 ni 8, basi wekeni f/8. Mkishusha nguvu mpaka robo, namba inakuwa nusu, yaani 16. Basi f/8 inafaa kwa mita 2. Mkipandisha ISO mpaka 400, namba inazidishwa mara mbili. Muwe na akili sokoni: watengenezaji wengine huandika namba kubwa iliyopimwa wakati kichwa cha flashi kimekaza mwanga kwa kitu cha mbali. Mlinganishe flashi mbili kwa kipimo kimoja.

c) Njia ya kuiwasha toka mbali. Njia ya bei ndogo ni kebo. Inafanya kazi daima, lakini ni fupi na watoto hujikwaa juu yake. Njia ya pili ni jicho ndogo linaloona flashi nyingine ikiwaka, nalo linawasha hii. Ndani ya nyumba ni nzuri, lakini katika jua kali linashindwa mara nyingi. Tena katika harusi flashi ya mgeni yeyote itawasha ya kwenu na kumaliza betri. Njia ya tatu ni redio. Flashi kama Godox TT600, na Yongnuo YN560 kuanzia toleo la III, zina kipokezi cha redio ndani yake. Mnaongeza tu kirushaji cha mtengenezaji yule yule kwenye kamera.

d) Betri. Flashi nyingi ndogo hutumia betri 4 za AA. Betri za bei ya chini sana zinachoka upesi na kuchelewesha flashi. Mnunue betri za kuchajiwa za aina ya NiMH, seti mbili: moja inafanya kazi, nyingine iko kwenye chaja ya sola. Msichanganye za zamani na mpya.

e) Kichwa kinachozunguka. Flashi ambayo kichwa chake kinageuka juu na pembeni inawaruhusu kurudisha mwanga kwa ukuta mweupe au shuka.

2. Hatari ya flashi za zamani

Sokoni mnaweza kukuta flashi kuukuu kwa bei nzuri, kama Vivitar 283 na 285. Ni imara, lakini baadhi ya zile za zamani zinapitisha zaidi ya volti 200 kwenye mguu wa flashi. Umeme huo unaweza kuua kamera ya kisasa. Mwombeni fundi redio apime flashi ikiwa imejaa, kati ya nukta ya katikati ya mguu na chuma cha pembeni. Ikizidi volti 6, msiiweke kwenye kamera yenu.

Tena msifungue flashi kamwe. Ndani yake umeme wa volti 300 hivi unaweza kubaki hata baada ya kuizima na kutoa betri.

Mkienda kununua, mbebe betri zenu. Angalieni kama ndani ya nyumba ya betri kuna uchafu mweupe au wa kijani. Piga nguvu yote mara 5 na hesabu sekunde mpaka taa ya utayari iwake. Ikipita sekunde 15 na betri ni nzima, iacheni. Kisha jaribu kila ngazi.

3. Kupiga picha ya paspoti kwa flashi moja

Mtu akae mita 1 na nusu mbele ya ukuta au shuka jeupe, ili kivuli kisimfuate. Mwenzenu ashike flashi pembeni ya kamera, juu kidogo ya kichwa, na kuielekeza kwenye mwavuli mweupe au kitambaa cheupe. Upande wa pili wa uso wekeni karatasi nyeupe kurudisha mwanga. Kitambaa kinakula mwanga mwingi, basi muanze kwa robo ya nguvu, ISO 400, f/5.6. Kasi ya kamera iwe 1/125. Kamera nyingi zikipita 1/200 au 1/250 zinakata sehemu ya picha kwa giza. Uso ukiwa mweusi mno, pandisha ngazi moja au sogeza mwanga karibu. Mkumbuke: umbali mara mbili, mwanga unabaki robo.

4. Kununua pamoja bila ugomvi

Flashi moja inaweza kuleta kipato, inaweza pia kuleta matata. Tuseme vyombo vyote vimegharimu dola 80, na kila picha inaacha faida ya nusu dola. Inahitaji picha 160 kurudisha feza. Hesabu hiyo ifanywe mbele ya wote kabla ya likelemba kutoa pesa. Kikundi chenye vijana wa makabila mbalimbali, wakimbizi na wenyeji, waandike katika daftari: nani analinda chombo, nani anakitumia siku gani, nani analipa kikiharibika, na sehemu gani inawekwa kwa betri mpya. Mwenyeji akiona mtoto wake pia anapata kazi, hatasema wakimbizi wamekuja kumnyang'anya.

5. Heshima na usalama

Tuombe ruhusa kila mara. Kwa mtoto, mzazi au mlezi akubali. Tusionyeshe uso wa mtu aliyetendewa ubakaji, wala wa kijana aliyetoka katika kikundi cha silaha. Tusipige picha ya askari, kizuizi cha barabara au kambi ya jeshi. Usiku, mwanga wa ghafula unaweza kushtua mwenye bunduki. Kazi ya nje ifanyike mchana, na nyumbakumi ajulishwe.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika eneo letu, ni picha gani watu wanahitaji zaidi, na wanalipa bei gani?
2. Tukinunua flashi moja, kebo inatosha au redio inahitajika? Kwa nini?
3. Ni nani katika kikundi chetu ambaye kila upande unamwamini kushika daftari?
4. Mtu akikataa kupigwa picha, tutamjibu namna gani?