Somo kwa Wanachama: Asili ya Vitabu vya Hesabu



Katika matawi mengi, mkutano unapofika kwenye taarifa ya fedha, watu huanza kupiga miayo na wengine hutoka nje kuvuta sigara. Husema: "Hesabu ni kazi ya karani." Somo la leo litaonyesha kwamba kazi hiyo haikuanza na watu wa tai na ofisi. Ilianza na nafaka, mifugo na posho, na tangu zamani imemgusa mtu wa jasho kuliko mtu mwingine ye yote.

1. Mfupa wa Ishango

Tuanze hapa kwetu. Mwaka 1950 mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alikuwa akichimba Ishango, kando ya ziwa Edward, mashariki ya Kongo karibu na mpaka wa Uganda. Alipata mfupa mdogo wenye alama zilizochanjwa kwa mafungu katika safu tatu. Safu mbili zina alama 60 kila moja, na ya tatu ina 48. Mfupa huo una umri wa miaka kama 20,000. Wataalamu wanabishana mpaka leo: wengine wanasema ni hesabu, wengine wanasema ni kalenda ya mwezi. Lakini kila mtu anaona kwamba aliyeuchanja hakutaka kutegemea kichwa chake peke yake.

2. Kuandika kulizaliwa na hesabu

Wengi hufikiri kwamba watu walianza kuandika ili kutunza sala au hadithi za wafalme. Sivyo. Maandishi ya kwanza kabisa tunayoyajua yalitoka mji wa Uruk, katika nchi inayoitwa leo Iraki, kiasi cha miaka 3,300 kabla ya Kristo. Yaliandikwa juu ya vibao vya udongo, na sehemu kubwa ni hesabu: shayiri iliyoingia ghalani, kondoo, pombe, na chakula walichopewa wafanyakazi. Alama ya posho ilichorwa kama bakuli. Basi mwandishi wa kwanza duniani hakuwa mshairi. Alikuwa karani wa ghala.

3. Daftari la Misri na mgomo wa kwanza

Katika kijiji cha Deir el-Medina, Misri, waliishi mafundi waliochonga makaburi ya wafalme. Makarani waliandika mahudhurio yao. Jiwe moja la mwaka wa 40 wa mfalme Ramses wa Pili bado lipo, nalo linataja siku ambazo watu hawakuja kazini na sababu zake: huyu aliugua, yule aliumwa na nge, mwingine alikuwa akitengeneza pombe, mwingine alikuwa akimshughulikia mama yake aliyekufa. Nyapara wa leo angeshangaa kuona sababu hizo zimeandikwa bila matusi.

Mshahara wao ulikuwa nafaka. Fundi wa kawaida alipata magunia manne ya ngano na gunia moja na nusu la shayiri kwa mwezi. Katika mwaka wa 29 wa Ramses wa Tatu, zaidi ya miaka 3,100 iliyopita, posho ilichelewa. Mafundi waliweka vyombo chini, wakapita kuta za ulinzi, wakaenda kukaa karibu na mahekalu. Walisema wameletwa na njaa na kiu. Hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga. Huo ndio mgomo wa kwanza duniani ambao maandishi yake yamebaki. Nasi tunaujua kwa sababu ya karani aliyeandika siku baada ya siku ni nini kilidaiwa na nini kilitolewa. Angalieni nguvu yao: walijua wanadai kiasi gani na kwa siku ngapi.

4. Kijiti kilichopasuliwa

Huko Uingereza, kwa karne nyingi serikali ilitunza hesabu kwa vijiti. Kiasi cha fedha kilikatwa kama pengo: paundi elfu ilikuwa na upana wa kiganja, paundi mia upana wa kidole gumba. Kisha kijiti kilipasuliwa katikati, kila upande ukachukua kipande chake. Hakuna aliyeweza kuongeza pengo peke yake, kwa sababu vipande vikikutanishwa uongo ungeonekana mara moja. Desturi hiyo iliachwa mwaka 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 vijiti vya zamani vilichomwa katika tanuru chini ya Bunge la London, moto ukatoka nje, na jengo la Bunge likateketea.

Kitabu cha risiti cha tawi lenu ni mtoto wa kijiti hicho. Nusu yako ni risiti. Ukilipa ada usichukue risiti, umemwachia mwenzako nusu zote mbili.

5. Kuandika mara mbili

Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha katika mji wa Venice kitabu cha hesabu. Ndani yake alieleza njia ya wafanya biashara wa huko: kila jambo huandikwa mara mbili, kinachotolewa upande mmoja na kinachopokewa upande mwingine, na mwisho pande zote lazima zilingane. Hakuibuni yeye, ila aliitawanya. Na tarakimu zilizorahisisha kazi hiyo zilipita Afrika: Leonardo wa Pisa, aliyezieleza katika kitabu chake cha mwaka 1202, alijifunza akiwa kijana katika bandari ya Bugia, nchi ya Aljeria ya leo.

6. Mkaguzi ni msikilizaji

Katika lugha za Ulaya jina la mkaguzi wa hesabu limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kusikia. Zamani hesabu zilisomwa kwa sauti, naye alikaa akisikiliza. Lakini si kila mtu alikubaliwa kukaa kitini hapo. Mwingereza Mary Harris Smith alianza kuomba uanachama wa chama cha wahasibu katika miaka ya 1880, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Alikubaliwa mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 75.

Ndugu, hadithi hizi zina maana kwetu. Katika kiwanda kimoja nilikotumwa na chama, ada ilikatwa kwenye mishahara kila mwezi, lakini haikufika chamani. Meneja alisema makato yote yamepelekwa. Mama mmoja wa idara ya kufungasha alikuwa ametunza karatasi zake za mshahara za miezi 14 ndani ya mkebe wa maziwa. Tulizilinganisha na daftari la tawi, mwezi kwa mwezi. Pande mbili hazikulingana, na fedha zikalipwa. Hatukupiga kelele hata siku moja.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo taarifa ya fedha isomwe kwa sauti kila mkutano, na kila mwanachama awe mkaguzi kwa masikio yake.

Maswali ya kujadili tawini

1. Je, mwezi uliopita ulitunza karatasi yako ya mshahara? Iko wapi?
2. Ni nani katika tawi letu anayelinganisha makato na fedha zilizofika chamani?
3. Je, wanawake wangapi wamewahi kuwa waweka hazina wa tawi hili? Kwa nini?